Waya Uliosemesha Redio za Vijijini

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililochukua jina la mji huo: elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na masomo yaambatane na kazi. Rais wa TANU, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa karibu na nyumbani. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na shule yake ya kwanza, Mwisenge, iko hapo hapo Musoma.

Enzi hizo habari zilifika vijijini kwa redio. Mwaka uliotangulia, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Ukiifungua redio ya namna ile, nyuma ya karatasi ngumu ya spika utakuta koili: waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa sauti ukipita humo, koili hugeuka sumaku, ikavutwa na kusukumwa na sumaku ya kudumu iliyo kando yake. Karatasi hutetemeka, na mtangazaji akasikika.

Sumaku kama hiyo, inayotokana na umeme, huitwa sumakuumeme, na ya kwanza ilitoka mikononi mwa Mwingereza aliyewahi kufundishwa ushonaji viatu, William Sturgeon. Mwaka 1825 alionyesha chuma cha gramu 200 kilichopindwa kama herufi U na kuzungushiwa waya mara 18. Kiliinua kilo 4! Ila waya wake ulikuwa mtupu. Ilibidi akipake chuma vanishi na kuiachia mizunguko nafasi, isije ikagusana.

Joseph Henry, mwalimu wa Albany, Marekani, aliuvisha hariri waya wenyewe. Sasa mizunguko ikabanana, tabaka juu ya tabaka, na mwaka 1831 sumaku aliyokitengenezea Chuo cha Yale ilinyanyua zaidi ya kilo 900. Akili yake, kwa kweli, ilionekana zaidi kwingine. Aliona kwamba ukirefusha tu waya kwa betri ileile, mkondo unapungua na faida inapotea. Basi akafunga koili fupi nyingi, kila moja ikiungwa kwenye betri peke yake.

Hesabu hiyo ndiyo ya fundi anayesuka mota za kuchambulia pamba kule Bunda: akipunguza mizunguko kupita kiasi, mkondo unazidi na waya unaungua. Bodaboda nayo, ukibonyeza stata, ule mlio wa "tak!" kabla injini haijaunguruma ni wa rilei, sumakuumeme ndogo inayovuta kisahani ili umeme mkubwa upite.

Mwanafunzi anayetaka kujaribu achukue msumari, waya wa shaba wenye vanishi na betri ya tochi. Akwangue ncha zote mbili za waya, azungushe mara 20, ahesabu pini zinazonaswa, kisha arudie kwa mizunguko 40. Asiuunganishe zaidi ya sekunde chache, kwani waya hupata moto, na asithubutu kuuchomeka kwenye soketi ya ukutani.