Mrima: thamani haiko kilimani peke yake

Ukitoka Mkomani kwa njia iliyozoeleka, unavuka daraja la Nyali, unapita kisiwani, unapanda feri ya Likoni, kisha unashika barabara ya kusini hadi kilima cha Mrima, Kwale, penye msitu wa kaya ya Wadigo. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba madini adimu yaliyomo humo ni ya mabilioni ya dola. Mwaka huohuo serikali ikafuta leseni yake, na 2018 jopo la kimataifa la usuluhishi likatupilia mbali madai ya kampuni hiyo. Tangu hapo tunabishana mali hiyo ni ya nani. Swali ni halali, ila historia ya madini haya maabarani yaonyesha kwamba thamani kubwa huzaliwa baada ya kuchimbwa.

Chukua yuropiamu, metali mojawapo ya jamii hiyo, iliyotambuliwa na Mfaransa Eugène Demarçay mwaka 1901. Peke yake hunasa mwanga kwa shida. Mwaka 1942 Mmarekani Samuel Weissman alionyesha kuwa ikifungwa na molekuli inayonasa miali ya urujuanimno, nishati huhamia kwenye metali, nayo hung'aa nyekundu. Miaka ya 1980 watafiti wa Turku, Finland, waliigeuza sifa hiyo kuwa vipimo vya damu. Siri yao ilikuwa subira: vitu vya mwilini navyo hung'aa, lakini mwanga wake huzimika katika sehemu za bilioni za sekunde, ilhali wa yuropiamu hukaribia milisekunde. Unamulika, unangoja kidogo, ndipo unapima. Kilichobaki ni yuropiamu tu. Ujanja huohuo ukaja kutumika kutazama seli hai. Kazi kama hiyo imefanywa pia kwa metali nyingine: mwaka 1990 kundi la wanakemia Jacqueline Barton na Jean-Pierre Sauvage likatoa kampaundi ya rutheniamu isiyong'aa majini, ikawaka pindi ilipojipenyeza kwenye DNA.

Watauliza: si ipo protini inayong'aa ya kiwavi cha baharini, iliyogunduliwa na Osamu Shimomura 1962 na kumpa Nobeli 2008? Ipo, tena bora kwa kazi nyingi, lakini lazima seli ipandikizwe jeni, na mwanga wake ni wa kupita upesi. Wengine watahofia sumu. Wana haki, ndiyo maana metali hufungwa barabara ndani ya molekuli. Na kuifunga huko ndiko kazi yenyewe, kwani metali inayohitajika ni kidogo mno. Basi wanaodai haki ya Mrima wadai pia fedha za maabara za kemia katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani.