Patalo ya jean na miaka ya abacost

Ba ndugu, mbele ya kubishana jean gani inakufaa, tukumbuke kwamba kulikuwa wakati bamama zetu hawakuwa na ruhusa ya kuchagua.

Kuanzia 1971 inchi iliitwa Zaïre, Katanga yetu ikaitwa Shaba, na Mobutu akaleta siasa ya «authenticité». Wanaume wakavaa abacost (ndiyo kusema «à bas le costume»), bila kravati. Wanawake wakakatazwa patalo na nywele za bandia. Kwao ni kikwembe tu. Tarehe 24 Aprili 1990 alipokubali vyama vingi, kravati ilirudi, na makatazo mengine yakalegea. Mama yangu alivaa jean ya kwanza akiwa tayari na watoto watatu. Hapa Makomeno walimuangalia sana!

Jean yenyewe ilikuwa nguo ya kazi. Jacob Davis na Levi Strauss walipata hati ya uvumbuzi Marekani tarehe 20 Mei 1873, juu ya kukaza mifuko na tusumari twa shaba. Shaba, wee! Ya wanawake, Levi's iliitoa 1934.

Leo tunaitafuta ku tombola bwana. Namba 32 ni inchi za kiuno, karibu sentimita 81. Haisemi kitu juu ya makalio. Mimi nachagua yenye kuenea mapaja, fundi anapunguza kiuno. Pa kujaribia hakuna, basi funga kifungo, zungusha kiuno cha patalo ku shingo: ncha zikikutana, lipa.