Siki, Nuru na Jicho: Historia ya Kipimo hadi Garissa

Mwaka 1925, mjini Hamburg, tabibu Hans Hinselmann alibuni darubini ya kutazamia shingo ya kizazi, na baadaye akaitumia asidi ya siki, ambayo huzigeuza nyeupe sehemu zenye dosari ziwezazo kuwa saratani. Naye Walter Schiller wa Vienna akaleta iodini, ambayo nyama nzima huinywa ikawa kahawia, na nyama yenye ila ikaikataa. Katika nchi tajiri kipimo cha Papanicolaou, cha kukwangua chembe na kuzisoma maabarani, kiliishinda siki. Nayo ikarejea baada ya miaka mingi kwa mataifa yasiyo na wasomaji wa chembe, kwa kuwa jawabu lake hupatikana kwa dakika moja tu, mgonjwa angali kitandani.

Ndipo ikaulizwa kama jicho ni shahidi wa kuaminika. Utafiti wa Zimbabwe uliochapishwa 1999, ambamo wakunga walitazama wanawake zaidi ya 10,000, uliona kwamba siki hugundua takriban robo tatu ya wenye dosari nzito, lakini wazima 36 hivi katika kila 100 walitiwa shaka bure. Jijini Nairobi, kwa wanawake 653 wa kliniki ya uzazi wa mpango, matokeo ya 2005 yalikuwa 73 kwa 100 kwa kugundua, na 20 kwa 100 kwa shaka bure. Tofauti hizo hazinishangazi: kipimo hiki hakina mizani ila jicho, uvimbe wa kawaida nao huweza kuwa mweupe, na kwa aliyekoma hedhi mahali pa kutazamwa aghalabu huwa pamekwisha kuingia ndani.

Ama Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya wanakoishi Wasomali wengi, hesabu hizo zina upungufu mwingine, kwani zote huanza pale jicho lilipokwisha kufika. Mwaka 2014 asilimia 94 ya wanawake wa Kisomali nchini Kenya walikuwa wamekeketwa, na miongoni mwao wapo walioshonwa kwa ile tohara iitwayo ya Kifirauni, ambao chombo cha kupanulia hupita kwao kwa taabu kubwa au hakipiti kabisa, mbali na sitara inayomfanya mwanamke amtake mkunga wa kike.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha virusi vya HPV, viletavyo saratani hiyo, kitangulie, na mwanamke aweze kujichukulia sampuli mwenyewe. Kijiti chembamba cha kuchukulia sampuli huenda kikapita palipokataa chombo. Walakini atakayekutwa na virusi itambidi atazamwe kabla ya kutibiwa, na kwa chombo kile kile.