Ni nani anaitwa mwathiriwa kule La Haye?

Siku moja tulikuwa tumekaa hapa Busiu tukiongea juu ya kesi za vita. Mama mmoja wa Kiteso anayeuza chai karibu na barabara ya Tororo akatusikia, akauliza: "Wanangu, wale wa Gulu wamesikilizwa Ulaya. Na sisi wa Teso je?" Tukanyamaza, maana wengi wetu tumetoka Ituri na swali hilo ni letu pia. Tukamwahidi kwamba tutasoma.

Zamani mwathiriwa hakuwa na kiti mahakamani. Nuremberg mwaka 1945, na hata ile mahakama ya mauaji ya Rwanda iliyokaa Arusha, alikuwa shahidi tu: unajibu unachoulizwa, unarudi nyumbani. Mkataba wa Roma wa 1998, uliounda ICC, ulibadilisha hilo. Kifungu cha 68 kinamruhusu mwathiriwa kuwaeleza majaji maoni yake kupitia wakili, na cha 75 kinaongelea fidia. Lakini hachagui nani ashtakiwe, wala kwa kosa gani. Hapo ndipo shida inapoanza.

Kesi ya kwanza ilitoka kwetu. Thomas Lubanga alipatikana na hatia mwaka 2012 kwa kuingiza jeshini watoto chini ya miaka 15 na kuwapeleka vitani. Kosa hilo tu. Mwaka 2009 mawakili wa waathiriwa waliomba makosa ya utumwa wa ngono na kutendewa kikatili yaongezwe. Majaji wengi wakakubali, kisha Desemba mwaka huo majaji wa rufaa wakakataa. Basi mtoto aliyebebeshwa bunduki aliitwa mwathiriwa wa kesi ile, na mtu ambaye kijiji chake kilichomwa na jeshi hilo hilo akabaki nje. Si kwamba walimwita mwongo. Moto wake haukuandikwa kwenye mashtaka.

Halafu kuna fomu. Wanauliza jina, mahali, tarehe, kitambulisho. Sasa mtu aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni, kitambulisho atatoa wapi? Angalau kwenye kesi ya Lubanga majaji walikubali hata maandishi ya mashahidi wawili wa kuaminika wanaomfahamu. Ninyi mnaotusaidia kujaza makaratasi, hilo mlikumbuke.

Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Miaka 14 baadaye, kwenye kesi ya Germain Katanga, watu 297 walipewa dola 250 kila mmoja, pamoja na msaada wa pamoja wa nyumba, masomo na kazi. Mahakama yenyewe ilisema pesa hiyo ni ishara tu. Sawa, ishara, lakini ng'ombe mmoja tu ni bei gani?

Turudi Uganda. Dominic Ongwen wa LRA, ambaye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, alipatikana na hatia mwaka 2021. Waathiriwa zaidi ya 4,000 walishiriki. Mashambulizi yaliyohukumiwa yalikuwa ya kambi nne: Pajule, Odek, Lukodi na Abok. Mwaka 2024 majaji waliamua fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa watu karibu 50,000, na kila mmoja apate euro 750 za ishara. Ongwen hana kitu, kwa hiyo Mfuko wa Waathiriwa ndio unaotakiwa kuwaomba wafadhili.

Teso haimo humo. LRA waliingia Teso Juni 2003, wakateka wasichana wa sekondari ya Lwala, Kaberamaido. Lwala imeandikwa kwenye mashtaka ya Joseph Kony mwenyewe. Hati ya kumkamata ilitolewa 2005. Septemba 2025 mahakama ilisikiliza mashtaka hayo bila yeye kuwepo, mawakili wa waathiriwa wakaongea, na Novemba majaji wakayathibitisha. Kesi yenyewe haiwezi kuanza mpaka afikishwe pale. Na waliotendewa kabla ya Julai 2002 hawamo kabisa, juu mamlaka ya ICC yanaanzia hapo.

Jumamosi tulirudi kwa mama tukamweleza yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akatumiminia chai, kisha akauliza: "Na huyo Kony, wamemshika?"

Tukamwambia bado.