Mwendo wa Sahani: Kuihuisha Gramafoni ya Nyumbani

Gramafoni ya mkononi, ile ya sanduku jeusi lenye kishikio mfano wa sanduku la msafiri, haikuwa kitu cha kustaajabiwa katika majumba ya mwambao baina ya miaka ya 1920 na 1950. Iliwekwa barazani, ikatiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na jirani asiyekuwa nayo hakuhitaji mwaliko, maana sauti haijui ukuta. Hii niliyonayo mimi ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba. Kwa miaka isiyopungua arobaini ilikaa juu ya kabati lake, imefunikwa kanga, na juu ya kanga yamepangwa masinia yasiyoteremshwa ila siku za harusi. Nilipoishusha, mkono wa ufunguo ulizunguka mara mbili ukagoma. Meza ya duara inayoibeba sahani ilikuwa imeliwa na kutu pembezoni. Ndani ya kifuniko, katika mfuko wa karatasi nene, nilikuta sahani sita za santuri: nne za Misri, moja ya India, na moja ya Siti binti Saad.

Hiyo moja ndiyo iliyonitia kazini, na ndiyo iliyonitia mashakani.

Msomaji wa kurasa hizi hahitaji kuelezwa Siti alikuwa nani. Shaaban Robert alikwisha kuyaandika maisha yake katika *Wasifu wa Siti binti Saad*. Ila inafaa tuikumbuke tarehe moja. Mwaka 1928 Siti, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 na aliyeuza vyungu kabla ya kujulikana kwa sauti yake, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay, wakaimba mbele ya vyombo vya kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile yenye nembo ya mbwa asikilizaye pembe. Gramafoni zilikuwapo Unguja kabla ya hapo, lakini zilisema lugha za ng'ambo: Kiarabu cha Kairo na Kihindi. Hata Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu iliyoasisiwa mwaka 1905, ilikuwa ikiimba Kiarabu. Sahani za Siti zilipowasili, mwenye gramafoni alisikia kwa mara ya kwanza sanduku lake likizungumza maneno ya mtaani kwake, kwa lafudhi ya mtaani kwake, na mwanamke wa shamba ndiye anayezungumza. Nadhani hatujalipima vya kutosha jambo hilo.

Safari ya kitu chenyewe pia ina mambo. Mashine hizi zilitengenezwa Hayes, karibu na London. Sahani ziliumbwa kwa shelaki, lakiri itokanayo na ute wa wadudu wadogo wa India, ikachanganywa na unga wa mawe, masizi na nyuzi za pamba. Kampuni ilikuwa na kiwanda chake Kalkuta tangu mwaka 1908, kwa sababu huko lakiri ilikuwa karibu na soko lilikuwa kubwa. Nyimbo za Kiswahili ziliingia katika biashara hiyo kupitia Bahari ya Hindi, kwa njia ileile ya mchele na nguo.

Turudi mezani. Moyo wa gramafoni ni kamani, utepe mrefu wa chuma cha pua uliojiviringa ndani ya kasha la duara. Ukizungusha mkono, utepe unajibana. Ukiuachia, unajikunjua na kuizungusha sahani. Fundi wa saa yeyote anaijua habari hii, ila kamani ya saa ni uzi na hii ni mkanda. Kabla ya kufungua chochote, shurti nguvu yote iliyomo iachiliwe, kwani kamani ikichomoka ina ubavu wa kumkata mtu vidole. Nilivaa glavu za ngozi na kuitoa polepole, mzunguko baada ya mzunguko. Grisi ya kale ilikuwa imekauka ikawa nyeusi ngumu kama lami. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiifanya mashine igome, na ndiyo inayozifanya gramafoni nyingi kuruka kwa vishindo katikati ya wimbo, kwa sababu mizingo ya kamani hunatana kisha ikaachana kwa ghafula. Nilikiosha kila kipande kwa mafuta ya taa, nikakipaka grisi mpya yenye unga wa grafiti. Meno na vyuma vidogo vikapata mafuta ya cherehani, tone kwa tone. Kazi hii haina siri. Inataka subira na meza isiyopitiwa na watoto.

Kichwa cha sauti, yaani kile kidude cha mviringo kinachoshika sindano, kilinipa taabu zaidi. Ndani yake mna utando mwembamba wa ulanga, madini yaleyale yanayong'aa ambayo Wajerumani waliyachimba katika milima ya Uluguru. Sindano ikitikiswa na michirizi ya sahani, utando hutikisika nayo, na mtikisiko huo ndio sauti, bila umeme wala betri. Utando hushikwa pembeni na pete mbili za mpira laini. Za kwangu zilikuwa zimekauka kama ganda la korosho, na utando ulioshikwa na mpira mgumu hutoa sauti ya bati, ya mtu anayeimba ndani ya ndoo. Nilizibadilisha kwa mpira wa bomba jembamba. Nilipokirudisha kichwa mahali pake na kujaribu sahani moja ya Misri, fidla zilitoka zikiwa na kifua.

Niseme neno hapa juu ya gramafoni zenye pembe kubwa ya shaba inayometameta, ambazo watalii huuziwa kwa jina la vitu vya kale. Nyingi mno katika hizo ni za juzi tu, zilizoundwa India: sanduku jipya, pembe mpya, kibandiko cha mbwa, na ndani yake mashine iliyong'olewa kutoka katika gramafoni ya mkononi ya kweli. Simlaumu anayetafuta riziki. Lakini kwa kila pembe moja ya uongo, kuna sanduku jeusi moja lililovunjwa, pengine lililowahi kukaa barazani kwa mtu. Sanduku jeusi halina sura ya kuvutia. Ndiyo maana haliuziki, na ndiyo maana halina wa kulitetea.

Basi mashine ikawa hai. Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza.

Sindano za gramafoni ni za chuma, na zilikusudiwa kutumika mara moja tu, sindano moja kwa upande mmoja wa sahani. Ule unga wa mawe uliotiwa katika sahani una kazi yake: huisaga ncha ya sindano mpya ndani ya mizunguko michache hadi ienee sawasawa katika mchirizi. Wimbo ukimalizika ncha imekwisha kufanya bapa, na ukiirudia, bapa lile huzikwangua kuta za mchirizi kama patasi. Vibati vya sindano 200 viliuzwa dukani, lakini sindano ni pesa, na katika nyumba nyingi sindano moja ilitumika wiki nzima. Sahani ya bibi inashuhudia hayo. Upande mmoja unang'aa mweusi kana kwamba umetoka kiwandani jana. Upande wa pili umefanya rangi ya jivu, na sauti ya Siti inasikika kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mvua. Upande ulioharibika ndio uliopendwa.

Hata kwa sindano mpya, kichwa cha gramafoni huielemea sahani kwa uzito unaozidi gramu mia moja, ilhali mikono ya kisasa ya umeme iliyotengenezwa kwa sahani hizi hutumia gramu chache tu, kwa ncha pana kuliko ile ya sahani za plastiki zilizokuja baadaye. Maana yake ni nzito kwa mtu aliyekwisha kuitengeneza mashine. Kila nilipoitia ufunguo ili niisikie sauti, nilikuwa naipunguza. Ningeiacha mbovu, sahani ingesalimika. Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba kukihuisha kitu cha kale ni kukihifadhi, na nilikuwa nikilikubali neno hilo mpaka nilipoona vumbi jeusi limeganda kwenye ncha ya sindano. Lilikuwa vumbi la wimbo.

Nilifanya ambacho mtu angelifanya. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa mwenye chombo cha mkono mwepesi aliichukua sahani, akaiosha kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini (spiriti isikaribie kabisa, kwani shelaki huyeyuka ndani yake), akainakili pande zote mbili katika kompyuta. Nakala ninayo. Aliponipa, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: ameinakili kwa mwendo gani?

Nilijibu 78, kama kila mtu ajuavyo, mizunguko 78 kwa dakika. Naye akanieleza kwamba kampuni za zamani hazikukata sahani zao zote kwa mwendo mmoja. Nyingine zilikatwa kwa 80 na kupita, nyingine chini ya 76. Ndiyo sababu gramafoni ina kishikizo kidogo cha kuongeza na kupunguza kasi. Kishikizo hicho kinakigusa chombo ambacho mafundi hukiita gavana: vitufe vitatu vinavyozunguka juu ya vipande vyembamba vya chuma, ambavyo kasi ikizidi hutanuka na kukivuta kisahani kikakutane na breki. (Gavana mwingine, wa kofia yenye manyoya, alikuwa Tanganyika na Kenya, kwetu alikaa Balozi Mkaazi.) Ukiweka kipande cha karatasi pembeni mwa sahani na kukihesabu kinavyopita, mara 26 katika sekunde 20 ni mwendo wa 78 barabara.

Mizunguko mitano hivi ikizidi au kupungua, sauti hupanda au kushuka nusu toni. Miwili na kidogo, robo toni. Mwenye masikio ya taarabu anajua robo toni ni nini katika maqamu. Maana yake ni kwamba fundi wa nyumbani, aketiye na bisibisi yake, ndiye anayeamua Siti alikuwa na sauti nene au nyembamba, alikuwa akiburura neno au akilikimbiza. Na neno lenyewe lilikwisha kubanwa: upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulibeba dakika tatu na kitu, na wimbo wa taarabu, unaongoja kiitikio na kurudia ubeti kwa ajili ya mtu mmoja aliyeguswa, haukuzaliwa kwa kipimo hicho. Tunapousoma utungo wa zama zile kwa kuusikiliza katika santuri, tunausoma ulivyokatwa na saa ya kampuni, kisha tunausoma kwa kasi aliyoiweka fundi. Sijaona wahakiki wetu wa mashairi wakilitaja hili mara nyingi.

Ijumaa moja baada ya swala nilimwalika shangazi yangu, mtoto wa bibi, ambaye umri wake umepita miaka themanini. Alikuwa binti wa miaka kumi na kitu Siti alipofariki mwaka 1950, na Sauti ya Unguja ilipoanza kutangaza mwaka 1951 anakumbuka namna gramafoni ilivyoanza kusahauliwa, siku baada ya siku, bila mtu kuamua. Nilikuwa nimeiweka mashine kwenye 78, nimehesabu karatasi mara tatu. Nilitia sindano mpya na kuuchagua upande wa jivu, kwa sababu ndio alioutaka. Nilijiambia mara hii moja.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kabla ubeti wa kwanza haujatimia akanyanyua mkono.

"Mwanangu, huyu si yeye. Huyu ana haraka. Mrudishe nyuma."

"Shangazi, huu ndio mwendo wake. Nimeupima."

"Umepima sahani. Mimi nakwambia Siti."

Nikakivuta kishikizo kidogo. Akatikisa kichwa. Nikakivuta tena, sauti ikashuka, ikapanuka, ile mvua ikawa nzito zaidi, na shangazi akafumba macho, akaanza kuitikia kwa sauti ya chini, akiyajaza mwenyewe maneno ambayo michirizi imekwisha kuyapoteza. Nilikaa kimya hadi sindano ilipofika katikati. Ndipo nilipozungusha sahani tupu na kuhesabu karatasi: ilipita mara 37 katika nusu dakika, yaani 74.

Nimelifikiria jambo hili kwa pande zote mbili. Huenda sahani ile ilikatwa kwa mwendo wa chini, na shangazi ana haki. Huenda pia kamani ya bibi ilikuwa imechoka tangu zamani hizo, grisi imeanza kukauka, mashine ikawa inakokota, na mtoto aliyekua akiisikia hivyo akaichukua sauti ya mashine mbovu kuwa ndiyo sauti ya Siti. Ikiwa ni hivyo, kwa kuitengeneza nimeifuta sauti pekee aliyoijua. Nakala iliyomo kompyutani inasema 78.

Ndani ya kifuniko cha sanduku pana kipande cha kadi ambacho bibi alikuwa akiandikia majina ya walioazima sahani. Chini ya majina hayo nimeandika kwa penseli namba mbili, 78 na 74, na mbele ya hiyo ya pili nimeandika jina la shangazi.