Mwenye Funguo Si Mwenye Nguvu: Askari wa Magereza na Hoja ya Stanford

Kuna hoja iliyozoeleka katika mijadala ya magereza yetu kiasi kwamba haidaiwi tena ushahidi: mpe mtu sare, rungu na funguo, naye atageuka katili. Chanzo chake ni jaribio la Philip Zimbardo la Agosti 1971, pale vijana waliolipwa dola 15 kwa siku walipogawanywa kuwa askari na wafungwa katika ghorofa ya chini ya jengo moja la Chuo Kikuu cha Stanford. Lilipangwa kwa wiki mbili, likavunjwa siku ya sita. Tangu hapo askari wa gereza akimpiga mfungwa, iwe Nairobi au Dar es Salaam, maelezo yako tayari: madaraka yamemlevya. Dawa nayo iko tayari: semina ya haki za binadamu.

Jaribio lenyewe halisimami. Thibault Le Texier, aliyepekua nyaraka na kanda zake na kuchapisha matokeo mwaka 2019, ameonyesha kwamba “askari” wale hawakuachiwa wajitafutie njia, walielekezwa. David Jaffe, mwanafunzi aliyepewa nafasi ya bwana jela, anasikika akimhimiza kijana mmoja mpole awe mkali zaidi. Alexander Haslam na Stephen Reicher walipofanya jaribio la aina hiyo Uingereza kwa kushirikiana na BBC, bila maelekezo kama yale, askari hawakuweza hata kukubaliana wao kwa wao, na wafungwa wakawapindua. Ila sisi wa Afrika Mashariki hatukuhitaji kuwasubiri wanasaikolojia. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, watu 11 waliozuiliwa bila kuhukumiwa waliuawa kwa kipigo. Askari waliowapiga walikuwa wakitekeleza mpango wa kuwalazimisha kufanya kazi, ulioandikwa na ofisa wa magereza John Cowan na kupitishwa na wakubwa. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kuwa vifo vilitokana na maji waliyokunywa. Kumlaumu mshika rungu peke yake huwafaa sana watia saini.

Anayestahili kusomwa zaidi ni Gresham Sykes. Kitabu chake cha 1958 kuhusu gereza la Trenton, New Jersey, kinauliza swali la kikazi kabisa: askari mmoja anawezaje kuwafanya watu wengi wasiomtaka waamke, wapange foleni, wafanye kazi na warudi ndani, leo na kesho na keshokutwa? Kwa mabavu hawezi. Wao ni wengi. Kwa adhabu ni vigumu, maana aliyekwisha kunyang'anywa karibu kila kitu hatishiki kirahisi. Na wakubwa humpima askari huyo kwa utulivu wa watu walewale. Zamu yenye fujo ni doa lake. Basi hupatana nao: hufumbia macho makosa madogo ili makubwa yasitokee, na polepole baadhi ya kazi zake huhamia mikononi mwa mfungwa anayeaminika.

Sykes hakumjua nyapara, mfungwa anayewasimamia wenzake katika magereza yetu, lakini alimweleza barabara. Mlango wa selo ukishafungwa jioni, askari yuko nje, nyapara yuko ndani. Ndiye anayeamua mgeni alale upande wa dirisha au upande wa ndoo ya choo, nani afagie, nani aonywe kwa maneno na nani kwa namna nyingine. Mtu akizidiwa na homa usiku, nyapara ndiye anayegonga mlango na kuita “Afande!” Asubuhi watu huchuchumaa kwa mistari wahesabiwe, na hesabu ya askari isipolingana na ya nyapara, askari ndiye anayerudia. Kanuni ya 40 ya Kanuni za Mandela za 2015 inakataza mfungwa kupewa kazi ya nidhamu juu ya wenzake, na katazo hilo limo tangu toleo la kwanza la 1955. Wanasheria wanaolalamika kuwa linavunjwa wako sahihi. Wasilouliza ni nani angeifanya kazi hiyo usiku, katika selo iliyojaa mahabusu kupita kiasi, kama si huyo nyapara.

Mwaka 2008 nchini Kenya unaeleza mengi kuliko jaribio lolote. Mwezi Aprili askari wa magereza waligoma wakidai mishahara, posho na makazi, na kamati ikaundwa chini ya Marsden Madoka. Miongoni mwa yaliyosikika ni familia za askari kugawana chumba kimoja, pazia likiwa ndio ukuta. Novemba, televisheni zikaonyesha askari wa gereza la Kamiti wakiwapiga wafungwa waliovuliwa nguo katika msako wa simu na vitu vingine vya marufuku. Wafuasi wa Zimbardo watasema: hayo sasa ndiyo madaraka. Lakini simu ziliingiaje? Zipo zinazopita mkononi mwa askari wenyewe, na hayo ni maelewano ya Sykes yaliyokwisha kupata bei. Msako ukiamriwa kutoka juu, maelewano yanavunjwa siku moja na rungu linashika nafasi yake. Aliyepiga ana hatia, na mahali pake ni mahakamani. Ninachokataa ni kukiita kipigo hicho ziada ya nguvu. Ni kazi ya mtu aliyeishiwa njia nyingine.

Semina hazina ubaya, lakini hazigusi kinachopimwa. Wafungwa watatu wa makosa ya ugaidi walipotoroka Kamiti mnamo Novemba 2021, askari walikamatwa na Kamishna Jenerali wa Magereza akaondolewa ndani ya siku chache tu. Uzembe wa aina ile lazima uadhibiwe. Hata hivyo, askari wa zamu, Kenya au Tanzania, huliona jambo moja wazi: mfungwa akitoroka, kazi imekwenda, mfungwa akinyanyaswa na nyapara, hakuna anayeuliza. Hoja yangu huenda isifae sana katika magereza ya wanawake, ambako idadi ni ndogo na mahusiano ni ya namna nyingine. Kwa magereza makubwa ya wanaume, naamini gereza lenye askari wa kutosha ndani ya jengo usiku, wanaokaguliwa kwa malalamiko ya wafungwa kama wanavyokaguliwa kwa idadi ya wafungwa hao, litapunguza vipigo hata askari wake wakiwa hawajahudhuria semina hata moja.