Kadutu: meza ya Bukavu iliyoko mlimani

Kadutu, Bukavu – Mgeni akiuliza mkahawa wa heshima mjini Bukavu, wakaaji humwelekeza chini, komini ya Ibanda: Hoteli Résidence kwenye avenyu Lumumba, ao Orchids pale ukingoni mwa ziwa Kivu. Ni mara chache ataambiwa apande Kadutu. Jambo hilo halikuja lenyewe.

Wakati mji uliitwa Costermansville, mpaka karibu mwaka 1954, Wabelgiji walijitengea rasi na vilima vya karibu na maji. Waafrika waliwekwa nyuma, Kadutu, "cité" ya wafanyakazi. Makarani, mafundi na wapishi walishuka asubuhi. Usiku, Mwafrika asiye na kibali hakutakiwa kuonekana katika mji wa Wazungu. Divai na pombe kali zilikatazwa kwake kwa miaka mingi. Hivi mtu aliweza kupika samaki wa ziwa, kumpamba vizuri kwenye sahani, kisha akapanda mlima kula bugali na maharagi kwake. Sahani aliijua, kiti hakikuwa chake.

Ndiyo maana Kadutu ilijitengenezea meza yake. Kandokando ya soko kubwa, Nyamugo na njia zinazopanda Cimpunda, kuna malewa. Wengine hudharau neno hilo, na wanakosea. Malewa ni benchi la mbao, shiti juu, mbabula wa makala na mama anayejua nani hapendi pilipili. Bugali, sombe, nyama ya mchuzi, mchele na maharagi. Na sambaza, bila shaka.

Sambaza wenyewe ni wageni. Wengi huamini wako Kivu tangu zamani za mababu, kumbe walitolewa ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960 wakatiwa humu, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya katikati haikuwa na samaki wa kuvua. Walizaana. Leo wanakaangwa hoteli za Ibanda na malewa za Kadutu vilevile; tofauti ni kitambaa cha meza.

Wageni wengine walipanda kwa miguu. Tangu vita vya 1996, jamaa za Shabunda, Mwenga, Kalehe, Bunyakiri na Walungu zimekimbilia Bukavu, na wasio na pesa ya kupanga Ibanda wamejibana kwenye miteremko ya Kadutu, pale udongo unapoporomoka na moto unaporuka nyumba hata nyumba. Walikuja pia na midomo yao. Mtu wa msituni alitafuta mawese, mtu wa Bushi alitafuta bugali na ndizi. Mama wa malewa alilazimika kuwapikia wote, na wote walijifunza kula cha mwenzao. Hoteli yenye nyota haijafanya kazi hiyo.

Tarehe 16 Februari 2025 M23 iliingia Bukavu. Siku moja mbele, depo za Shirika la Chakula Duniani, PAM, ziliporwa: karibu tani 7,000 zilikwenda. Kisha benki zikafungwa. Mtu mwenye mshahara kwenye konti alikuwa sawa na asiye na kitu, na noti za franka zilizobaki mikononi zikachakaa hata wauzaji wakazikataa. Meza ya vitambaa haiwezi kuishi hivyo, inataka wateja wa miradi, wasafiri na kadi za benki. Malewa inaishi kwa pesa ya leo na kwa deni la kesho, lililoandikwa katika daftari ya shule.

Daftari hiyo si jambo dogo. Inasema nani alikula, nani hakulipa, na nani hajaonekana tena. Mteja aliyevuka Ruzizi kwenda Burundi bado yuko ndani, na deni lake la sahani mbili. Mama hafuti jina. Wengine husema ni ukali wa biashara, lakini mfanyabiashara mkali angelikata na kusahau.

Kabla jua halijatoka, makala yanawashwa tena karibu na soko. Sombe inachukua saa nyingi kuiva, na wabeba mizigo wanataka kula mapema.